Mashini ya Kufukuza Njiwa za Ananie

Beni, tarehe 14 Januari 2024

Mujomba wangu Apollinaire,

Wavukire. Ninakusalimia sana, weye na bajirani bote ba pale Bulengera. Siye huku Beni tuko bazima. Bwana yangu Luc alirudilia kazi yake ya kushona, uniforme za masomo zilimupatia nafasi ya kupumua kidogo. Tumbo yangu sasa ni ya miezi sita. Kwa dispensaire banasema nitazaa katikati ya Aprili.

Ninatuma hii barua kwa mukono ya Lusenge, ule chofere wa taxi ya Beni–Butembo, juu telefone yako haiiti tangu Noël. Ni nini?

Sasa jambo yenyewe. Mama alinipigia telefone, anaomboleza juu ya njiwa. Anasema njiwa za Ananie, jirani yenu, zinashuka kila siku kwa bâche yake ya kuanikia na zinamaliza maharagi ya mbegu. Anakaa tangu asubui na fimbo mukononi kama mulinzi wa banque. Kuziua hawezi, ni njiwa za mutu. Na Ananie alimujibu kama ndege iko na mabawa, yeye hana.

Mujomba, weye unajua kwa nini ile inanisumbua. Kwa ndoa yangu Mama hakukuya. Alisema iko na malaria. Ile malaria jina yake ilikuwa kanisa ya Luc, juu Mama ni mukatolika, na siye tulioana kwa ba Protestant. Sasa aliniahidi kwa mudomo yake: Aprili atapanda gari, atakuya kunipikia bouillie, uji ya muzazi, na kunikanda tumbo, kama vile mama anafanyia binti yake kwa uzazi ya kwanza. Akifika, ni kusema iko ananirudishia mukono. Donc tengeneza kintu ya kufukuza zile njiwa, maharagi ikauke, mbegu iingie ku udongo, asipate sababu ya kubakia.

Mwipwa wako,
Kanyere Séphora


Butembo, tarehe 29 Januari 2024

Mwipwa wangu Kanyere Séphora,

Yezu asifiwe! Barua yako ilinifikia, niliisomea mbele ya batu, bote banasema uko na mukono muzuri. Siye tuko salama. Mvua hakuna, vumbi ni mingi. Mama yako anakula, analala, anagombana na njiwa. Salimia Luc, umuambie suruali yangu ya bleu inamungojea.

Kwa jambo ya njiwa, hapana kuwaza tena. Ulipata mutu. Unajua wakati nilikuwa Alimbongo, miaka ine, nilitengenezaka mutu wa majani kwa shamba ya viazi. Nilimuvalisha koti, kofia na lunettes. Batu ba taxe bakapita, bakamuomba jeton. Akanyamaza. Bakamuomba tena. Akanyamaza. Voilà bakamuandikia amende ya kudharau serkali! Ile karatasi niko nayo mupaka leo, sijui tu niliiweka wapi. Na pale Rughenda, kwa uwanja ya ndege, piloti mumoja aliniomba mbele ya batu tuende naye Kampala, nikuwe nafukuzia ndege yake makorongo. Nilikataa. Nikamuambia: «Muzungu, niko na dada hapa. Yeye njo alinibeba kwa mukongo. Nikienda, nani atabakia naye?» Alitoa machozi.

Bon. D'abord, mbele hata ya Noël, nilitundika ma-CD kumi na mbili kwa kamba, ili jua iwapige macho. Njiwa zilikuya kujitazama. Moja iliporomoka na bibi yake, bakatengeneza manyoya kama batu banaenda kupiga foto. Kisha nikaingiza sauti ya kipanga ndani ya telefone yangu, ni miye mwenyewe nilipiga mulunzi, na nikafungua telefone ili niunge haut-parleur ya redio. Zilikimbia mara moja. Kisha telefone ikakufa. Njo sababu haiiti. Ilikufa kazini, sawa soda kwa vita.

Sasa niko natafuta tôle, kipande ya bati. Kichwa inachemuka. Utasikia.

Mujomba wako,
Apollinaire, technicien


Butembo, tarehe 18 Februari 2024

Mwipwa wangu,

Tumbo iko namna gani? Inapiga teke? Ikipiga sana ni kijana wa kwetu. Mama yako alinunua bitenge bibili bya mutoto. Anabificha chini ya godoro, anawaza siye hatuone.

Mashini imesimama! Nilikata muti ya mukalitusi, mita nane, Ananie anasema tano, ni wivu. Kule juu niliweka moyeu, kitovu ya gurudumu ya velo yangu ya zamani, na kwa ile moyeu hélice ya tôle, mabawa ine. Upepo ikisukuma, hélice inazunguka, inavuta kamba sita, kila kamba na boulon yake ya chuma, na zile boulon zinagonga sufuria ine zenye kutoboka na bidon moja ya mafuta. Mwipwa wangu! Siku ya kwanza njiwa ziliruka zote pamoja, sawa mutu anakung'uta shuka. Moja banaiona Kasindi, inaomba laissez-passer ya kuvuka Uganda. Mama yako aliweka fimbo chini, akalala muchana, mara ya kwanza tangu Krismasi. Mashini nimeipatia jina: Général.

Mais mutu wa mayele hakosi wenye kumusema. Onésime, chef wa avenue yetu, alikuya hapa na uso ya huissier wa tribunal.

— Apollinaire, kile kintu chako kinapiga nini?
— Sufuria, chef.
— Na siye tulipatana nini juu ya sufuria?

Unaijua ile mapatano, iko kwenu na kwetu, tangu miaka ya mauaji: mutu akiona adui anapiga sufuria, na kila nyumba yenye kusikia inapiga yake, ili kilima nzima ikimbie. Nikamuambia: «Chef, sufuria ya woga inalia bila mpango. Yangu iko na mizani, kama fanfare. Hata mutu akilewa, atatenganisha.» Wazee benye kukuwa pale bakacheka. Yeye hakucheka. Alisema: «Ukiwa pale chini yake, izunguke. Ukitoka hata kwenda chooni, funga.» Basi nikaweka waya ya kufungia hélice, ili Général alale. Mutu akipewa bureau lazima aseme kintu.

Hapa banakuya sasa hata batu ba Katwa kuiangalia. Mama yako anasema nishuke chini nikule. Anasema pia: Aprili, iko tayari.

Apollinaire


Beni, tarehe 25 Februari 2024

Mujomba,

Wavukire. Siye tuko bazima, muguu tu inavimba. Luc anashona shati ndogo sana, ukiiona utacheka.

Nilisoma barua yako nikicheka, mupaka nilifika kwa sufuria. Nikakaa chini. Mujomba, huku kwetu sufuria si muchezo. Miye niliisha kuikimbia mara mbili, ya pili na kiatu moja, na mama mumoja wa avenue yetu alimuacha mutoto kwa kitanda akabeba muto ya kulalia. Kichwa haibakie. Mutu hasikilize mizani.

Tafazali, musikilize chef Onésime. Kila mara unatoka, funga ile waya. Hapana kusema «ninarudi sasa hivi».

Mama umuambie bitenge nimeshajua, aache kulalia. Ninahesabu siku.

Séphora


Butembo, tarehe 21 Marsi 2024

Mwipwa wangu,

Ninakusalimia. Nilikawia kukujibu sababu ya kazi mingi. Siye tuko. Mvua ilianza. Maharagi iliingia ku udongo. Njiwa haziko tena. Mashini niliiporomosha, kazi yake ilikwisha.

Juu ya Aprili, Mama yako, Yaya Marie-Jeanne, anasema usimungojee sana. Iko na kazi ya shamba. Kama kuko mama mumoja huko mwenye kujua mambo ya uzazi, mumuombe.

Ninaishia hapa, Lusenge anapiga klaksoni.

Apollinaire


Beni, tarehe 27 Marsi 2024

Mujomba wangu,

Salamu. Luc iko muzima. Miye niko.

Barua yako niliisoma mara tatu, ninatafuta Alimbongo. Sikuiona. Tangu nilizaliwa haujaniandikia barua bila kushinda mutu. Nikaogopa.

Nilipigia Mama telefone. «Niko na kazi ya shamba.» Nikamuambia mbegu si iliisha kuingia, ni kazi gani? Akaniuliza kama ninakula sombe. Sauti yake inatoka chini, sawa mutu mwenye kulala, na ilikuwa saa ine ya asubui.

Niambie kweli. Ni juu ya kanisa ya Luc? Anawaza akifika hapa batamulazimisha kuomba nasi? Kama moyo yake ilirudia kule, niambie tu, nitabeba. Juzi mama ya Luc aliniuliza mbele ya batu: «Na mama yako, tutamupokea siku gani?» Nikamujibu: «Iko njiani.» Nilimudanganya mama mukwe wangu, mujomba, na kitambaa ya kanisa kwa kichwa.

Kila usiku ninajiuliza nilimufanyia Mama nini tena.

Séphora


Butembo, tarehe 4 Aprili 2024

Mwipwa wangu mupendwa,

Yezu asifiwe. Hapana kulia. Si juu ya kanisa. Nilikuwa sitaki kukuogopesha na ile mimba, mais kwa vile unaniuliza, sikiliza.

Tarehe tano ya Marsi, saa kumi, adui walishuka kilima. Arobaini. Banasema arobaini, miye nilihesabu karibu sitini. Sufuria zikalia Bulengera nzima. Batu bakakimbia kama maji. Na miye? Nilichukua panga, nikasimama kwa daraja, peke yangu. Nikabasemesha kwa Lingala: «Awa, te!», ni kusema hapa, hapana. Mukubwa wao aliniangalia miguuni mupaka kichwani, akauliza: «Huyu ni nani?» Bakamuambia: «Ni Apollinaire.» Bakageuka.

Kwa bahati mubaya, ndani ya ile kusukumana, Mama yako alianguka. Mufupa ya nyonga ilipasuka kidogo. Miye njo nilimubeba kwa mukongo yangu mupaka hôpital. Iko nyumbani sasa, analala, docteur alisema miezi mitatu. Alinikataza kukuandikia, sababu ya mimba yako. Donc unaona, anakupenda.

Chef Onésime anawaza kunipatia medali.

Mujomba wako,
Apollinaire


Beni, tarehe 11 Aprili 2024

Mujomba,

Ninakusalimia juu ni lazima kusalimia.

Lusenge alileta barua yako, nikamusomea ile fasi ya daraja. Alianza kucheka, kisha akaona uso yangu, akaacha. Alisema tarehe tano ya Marsi hakuna adui alifika Bulengera. Alisema ilikuwa upepo ya mvua. Alisema pale mujini banakuita Général, na ukipita kwa njia ba mama benye kuuzisha makala ya kupikia banakuuliza: «Général, leo upepo iko namna gani?» Alisema pia mwenye kubeba Mama ni Ananie. Aling'oa mulango ya nyumba ya njiwa zake, akamulalisha juu, batu bane bakamubeba. Weye haukuwa mumoja wao.

Mujomba, mashini hainiumize. Upepo ni upepo, na njo miye nilikuomba. Inaniumiza hii: wiki mbili nzima ninalala ninawaza Mama ananichukia, na weye ulijua iko chini na mufupa ya kuvunjika, na ukaniandikia «kazi ya shamba». Kisha ukaniandikia daraja.

Nilimuuliza Lusenge: saa Mama alianguka, mujomba alikuwa wapi? Akajibu: «Umuulize yeye.» Hakuniangalia tena.

Tumbo imeshuka. Ni siku tu. Niandikie kama mutu anasemesha mutu mumoja, hapana kama uko mbele ya batu. Ukishindwa, hapana kuandika.

Séphora


Butembo, tarehe 19 Aprili 2024

Séphora,

Leo salamu sina. Nilianza hii barua mara tano, kila mara ninaona ninasimama tena kwa daraja.

Ile siku, saa tisa, nilienda kwa Mama Bénie, fasi tunakunywaka kasiksi, pombe ya ndizi. Kulikuwa wageni babili ba Lubero, banataka kusikia juu ya mashini. Waya sikufunga. Niliiangalia, ilikuwa imetulia kabisa, hata jani haitingizike, nikasema ninarudi sasa hivi. Uliniandikia nisiseme ile maneno. Niliisema.

Niliwaelezea bale wageni kama sauti ya sufuria zangu ni tofauti, hata mutoto anaijua. Nilikuwa nimeshika kikombe hewani. Upepo ya mvua ikapita juu ya nyumba. Tukasikia sufuria. Kisha ya nyumba ya pili ikajibu. Kisha kumi. Kisha kilima nzima, na filimbi, na batoto banalia. Na miye mwenye kuitengeneza, Séphora, nilisikia mashini yangu na sikuijua. Nilitupa kikombe. Wa kwanza kutoka kwa ule mulango ni miye. Niliruka mutu.

Nilipita kwa njia ndogo, ile inashuka mutoni. Mama yako alikuwa ndani ya mutaro. Iko amelala ubavu, mukono moja juu. Aliniona. Hakuita «Apollinaire». Aliita «Poli». Ile jina ya utoto wangu hakuna mutu tena anaijua, bazazi bote balikufa nayo, ilibakia kwake. «Poli! Poli!» Nikageuka. Niliona uso yake muzuri kabisa, kulikuwa mita kumi. Sitasema ishirini.

Nikakimbia.

Nilikimbia mupaka Rughenda. Kule niliingia ndani ya majani marefu kando ya uwanja, nikalala juu ya tumbo, mukono juu ya kichwa. Nilijikojolea. Kisha mvua ikapiga, upepo ikaanguka, na sufuria zote zikanyamaza, moja moja, ya mwisho ilikuwa na mizani. Pale njo niliijua.

Kurudi, nilirudi polepole. Nilikuwa ninatafuta maneno. Nilimukuta nyumbani, juu ya mulango ya Ananie, batu banamuzunguka, banangojea gari ya hôpital. Nikauliza: «Yaya, ni nini ilikupata?» Nikauliza vile, sawa mutu anatoka safari. Onésime akaniangalia, akasema: «Alikuwa kwa ile njia ndogo. Weye haukupita pale?» Mbele nifungue mudomo, Yaya akajibu: «Alikuwa mbali. Hakunisikia.»

Na miye nikasema: «Ndiyo. Nilikuwa mbali.»

Mashini niliikata na shoka ile mangaribi. Batu banawaza nilikuwa na haya juu yake. Banicheke juu ya mashini, ninawaacha. Ninapita mbele ya ba mama ba makala makusudi, juu bakiwa banacheka ile, hawaulize ingine.

Alimbongo nilifanya wiki mbili, hapana miaka ine. Piloti hakuna.

Mais Mama yako hakuwahi kukuchukia. Ile njo ilinilazimisha kuandika. Kila asubui ananiuliza: «Séphora alizaa?»

Apollinaire


Beni, tarehe 30 Aprili 2024

Mujomba,

Nilizaa tarehe 23, binti, kilo tatu na kidogo. Niko muzima na yeye iko muzima. Mama ya Luc alinipikia na alinikanda, alifanya byote, na hakuniuliza tena kintu. Nilimuambia ukweli: kama Mama alivunjika. Alilia. Alisema anataka kwenda kumusalimia.

Barua yako niliisoma nikiwa ninanyonyesha. Niko na hasira na weye. Sijui itaisha siku gani, hapana kuniharakisha. Ninakuona ukigeuka. Ninakuona hata nikifunga macho.

Jana Mama alinipigia. Alimusikia mutoto akilia, akamushukuru Mungu, «asante Nyamuhanga», mara kumi. Kisha nikamuuliza, bila kumuonyesha kama ninajua: «Mama, ile siku, Mujomba alikusikia?» Akajibu mbio mbio: «Hapana, mwanangu. Maskini, alikuwa mbali.»

Iko chini na nyonga ya kuvunjika, na bado anakubeba.

Miye sitamuambia. Si kazi yangu. Kila siku unamupatia chakula, unamuangalia, unakaa na yeye ndani ya chumba moja na ile neno katikati yenu. Nenda uiondoe. Ukiisha kuiondoa, andika. Ukishindwa, mutoto nitamufundisha kama niko na mama tu, bandugu ba mama sina.

Séphora


Butembo, tarehe 14 Mei 2024

Mwipwa wangu Séphora,

Wavukire, na mutoto wavukire, na Luc, na mama yake. Mungu asifiwe kwa binti. Hapa mvua inapunguka, maharagi inatoa maua.

Nilifanya siku ine bila kuweza. Ninaleta chakula, ninakaa, ninafungua mudomo, ninauliza kama chumvi inatosha. Siku ya tano, Ijumaa, Yaya iko amekaa kwa kitanda, ungo juu ya mapaja, anachagua mboga. Nikamuambia:

— Yaya, ile siku sikuwa mbali.

Hakuinua kichwa.

— Ninajua.
— Nilikusikia.
— Ninajua, Poli. Uligeuka. Tuliangaliana.
— Na juu ya nini uliwaambia sikusikia?
— Ulitaka niseme nini? Onésime iko pale, Ananie iko pale, kila mutu na masikio yake. Niseme ndugu yangu aliniona akaniacha? Ningelala namna gani ndani ya hii avenue?

Alichagua majani mingine mawili, matatu. Kisha akasema:

— Nilikuwa ninangojea useme weye. Nilianza kuchoka.

Nilichukua mboga ya ungo, nikachagua naye, Séphora. Miye. Yeye njo alisema tena: «Sasa enda uwaambie na bale ba avenue.» Nikamuuliza: hata Ananie? «Ananie wa kwanza. Alivunja mulango yake juu yangu.»

Juzi, siku ya Yenga, kisha misa, batu ba avenue balikusanyika kwa Onésime juu ya kazi ya kutengeneza njia. Nikaomba neno. Bakaanza kutabasamu, banangojea Général aseme. Nikasema: «Ile siku dada yangu aliniita mara mbili, nilimuona, nikakimbia.» Nikakaa. Hakuna mutu alicheka. Ningependa bacheke. Onésime aliangalia karatasi yake, akasema tuendelee na kazi ya njia. Ananie alisogea kidogo kwa banc, sijui kama alikuwa ananipa nafasi ao anajitenga nami. Tangu ile siku ba mama ba makala hawaniulize tena juu ya upepo. Bananisalimia tu.

Hapa nyumbani, mbele ya ile, ni jirani mwanamuke alikuwa anamuinua Yaya kwenda inje, miye alinikataza. Jana aliniita. Nilimubeba. Iko mwepesi, Séphora. Sikujua iko mwepesi vile.

Sasa anataka kukusemesha. Kwa telefone anasema hapana, kwa telefone unakata maneno yake. Anataka barua. Unajua hakusoma: feza ya masomo ilikuwa ya mutoto mumoja, na ilikwenda kwangu, yeye akabakia na jembe. Leo njo mara ya kwanza ile masomo inamutumikia kintu. Yeye atasema, miye nitaandika, na sitaongeza hata neno. Ni hii:

«Séphora mwanangu. Ndoa yako sikukuya. Malaria haikuwa. Ilikuwa kiburi, na ninaomba usamehe. Kwa mutoto ni muguu ilikataa, moyo ilikuwa imeisha kufika. Mama ya Luc umuambie ninamushukuru, na akikuya atalala kwa kitanda yangu. Yeye ataomba ya kwake, miye ya kwangu, tutakutana kwa sahani.

Mujomba wako alinisikia na akakimbia. Nilikuwa ninamuita anibebe, na nilikuwa pia ninamuita akimbie, sikujua ni gani. Hasira uko nayo weye, kaa nayo, ni haki. Miye yangu niliimaliza juu niko naye kila siku.

Docteur alisema Juni nitajaribu fimbo mbili. Kisha nitakuya. Mujomba wako atanisindikiza, atapika bouillie, atafua bitambaa bya mutoto, na akianza kueleza mambo ya Alimbongo mumukatize.

Anaandika polepole. Analia. Karatasi inalowana, nimemuambia aandike na ile pia.»

Nimeiandika.